Malaria isiyopona: sonona katika vituo vyetu vya afya

Ukifungua daftari la wagonjwa katika kituo cha afya cha bonde la Ruzizi, iwe Sange, Luvungi au Lubarika, magonjwa yanayorudi kila ukurasa ni yale tunayoyajua: malaria, kuhara, kikohozi, minyoo. Sonona utaikuta mara chache sana. Si kwamba haipo. Mara nyingi imeandikwa kwa jina lingine.

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Hatusemi juu ya mtu fulani, lakini waganga wengi wa vituo watamtambua. Amekuja mara ya nne ndani ya miezi mitatu. Anasema kichwa kinauma, mgongo unawaka, moyo unapiga mbio, usiku hapati usingizi. Kipimo cha malaria hakioneshi kitu, lakini anapewa dawa ya malaria hata hivyo, kwa sababu amelipia fishi na itakuwa aibu kumrudisha mikono mitupu. Safari nyingine anachomwa sindano ya vitamini. Safari nyingine anatundikiwa serumu. Anapata nafuu siku mbili, labda kwa sababu tu kuna mtu aliyemhangaikia, kisha yote yanarudi. Kwenye fishi yake kumeandikwa: malaria, uchovu, malaria, malaria. Hakuna aliyemuuliza, "Mama, tangu mlipotoka ukimbizini, unaendeleaje moyoni?"

Tunaandika juu ya swali hilo: nani aliulize, aliulize vipi, na baada ya jibu nini kifuate. Tunawaandikia waganga wa vituo walio washirika wetu, na pia wachungaji, mashemasi na viongozi wa wamama, maana mgonjwa wa aina hii mara nyingi hupita kwao kabla ya kufika kituoni, au huwaendea baada ya kituo kumshindwa.

Ugonjwa na majina yake

Waganga waliosoma kwa Kifaransa huuita depresio. Ndugu zetu wa Tanzania huuita sonona, na neno hilo tutalitumia hapa. Kwetu watu husema "mawazo mengi", "moyo umechoka", "kichwa kimejaa". Hata Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Watu wa mbali waliona jambo lile lile na kulipa jina linalofanana na letu. Basi tusiseme kwamba ni ugonjwa wa wazungu.

Sababu za kuwa nao hapa hazihitaji kutafutwa mbali. Tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa na waganga waliuawa ndani ya hospitali ya Lemera, hospitali ya kanisa. Tarehe 14 Mei 2000 ilikuwa Katogota. Tarehe 6 Juni 2014 ilikuwa Mutarule, na kati ya waliouawa wako waliokuwa wamekusanyika kwa ibada. Mwezi wa Februari 2025 maelfu ya watu wetu walivuka Ruzizi kuingia Burundi, wengine kwa kuogelea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika nchi zilizopitia vita ndani ya miaka 10 iliyotangulia, mtu mmoja kati ya watano hivi ana tatizo fulani la afya ya akili. Katika kanisa lenye watu 200, hao ni 40, ukihesabu wote, wenye hali nyepesi na wenye hali nzito.

Lakini tuwe waangalifu pande zote mbili. Aliyeona vita si lazima awe mgonjwa. Wengi huumia, hulia, na baada ya muda husimama tena wakiwa na watu wao. Naye ambaye hakuwahi kukimbia anaweza kuugua sonona, hata kama ana ng'ombe, shamba la mpunga na watoto wote shuleni. Kumwambia "wewe unakosa nini?" hakumsaidii. Hata yeye anajiuliza hivyo usiku kucha.

Kuuliza

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango uitwao mhGAP, na mwaka 2010 likatoa kitabu cha mwongozo kwa ajili ya waganga wasio wataalamu wa akili, yaani wauguzi na madaktari wa kawaida kama wale wa vituo vyetu. Toleo la pili lilitoka mwaka 2016. Wazo lake ni rahisi: wataalamu ni wachache mno, basi kazi ya kwanza ifanyike pale mgonjwa anapofika kwa miguu yake.

Mwongozo huo unaanza na mambo mawili. La kwanza: je, mtu huyu amekuwa na huzuni, au moyo mzito, karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi? La pili: je, amepoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda? Jibu likiwa ndiyo kwa moja kati ya hayo, ndipo unauliza mengine: usingizi uliopotea au uliozidi, chakula kisichopita, uchovu usioisha, kujilaumu, kushindwa kufuata neno hadi mwisho, kujiona hana thamani, kukata tamaa juu ya kesho, mawazo ya kifo. Halafu lile linalopima uzito wa yote: bado anaweza kufanya kazi zake? Anakwenda shamba? Anateka maji? Anamwogesha mtoto?

Kwa Kiswahili chetu maswali hayo yanaweza kuwa hivi: "Siku hizi moyo wako ukoje?" "Zamani ulipenda nini, na sasa je?" "Ukiamka asubuhi, siku unaionaje?" Kwa mzee anayeongea Kifuliiru vizuri kuliko Kiswahili, uliza kwa Kifuliiru. Na usiulize mbele ya foleni. Mume akiwa amesimama pembeni, au mama mkwe, mwombe asubiri nje kwa heshima. Dakika kumi za faragha zinatosha kuanza, na ni bei ndogo kuliko serumu tatu.

Wanaume ni shida ya pekee. Hawaji kusema wana huzuni. Wanakuja na maumivu ya tumbo, au hawaji kabisa, na nyumbani wanakuwa wakali, au kanyanga inaanza asubuhi. Mke ndiye anayekuja na jeraha. Muganga anayemfunga mke kidonda na asiulize habari za mume ametibu nusu. Hatusemi hivyo kuhalalisha kipigo: mgonjwa wa sonona hana ruhusa ya kumpiga mtu, na mke aliye hatarini apelekwe kwanza mahali salama.

Washirika nao wana macho. Mwanakwaya aliyekuwa wa kwanza kufika mazoezini na sasa ana visingizio kila juma. Mama aliyeacha mihogo ikaoza kwenye maji. Kijana aliyegawa nguo zake. Mara nyingi jirani huona wiki nyingi kabla ya kituo.

Kabla ya kuandika neno sonona, muganga ahakikishe hakuna kitu kingine kinachoifanana. Damu pungufu huchosha na kuvunja moyo, na wamama wetu wengi wanayo. Lishe duni pia, kifua kikuu, virusi vya ukimwi, na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, hasa kwa mwenye rovu. Aliyefiwa karibuni naye hatendewi kama mgonjwa kwa sababu tu analia: kilio ni haki yake, na mwongozo unasema dawa zisiwe jambo la kwanza kwake. Ila kama hali wala halali miezi mingi baadaye, au anasema anataka kumfuata marehemu, hapo uangalie upya.

Liko swali jingine linalosahaulika: "Umewahi kupitia siku kadhaa ambazo hukulala na hukuchoka, ulisema mbio mbio, ulitumia pesa zote, ulijiona una uwezo usio wa kawaida?" Anayejibu ndiyo asianzishiwe dawa za sonona kituoni. Zikitolewa peke yake zinaweza kumrudisha katika msisimko huo. Apande Lemera aonwe na daktari.

Hana na kuhani

Katika 1 Samweli 1 tunasoma juu ya Hana: halii mara moja, analia mwaka baada ya mwaka, na chakula hakili. Mume wake Elkana anampenda, lakini faraja anayompa inahusu zaidi yeye mwenyewe Elkana. Kisha Hana anaingia hekaluni, na mtumishi wa Mungu, mzee mwenye uzoefu, anamtazama midomo na kuamua kwamba amelewa. Eli hakuuliza. Alikuwa na jibu tayari. Ni pale Hana alipojieleza ndipo kuhani aligeuka, akambariki, naye akaenda akala.

Tunaitaja habari hii kwa sababu majibu ya tayari yapo mengi katika makanisa yetu. Huyu ana pepo. Huyu amerogwa. Huyu ameficha dhambi. Huyu hana imani. Mgonjwa wa sonona, ambaye tayari anajilaumu kwa kila jambo, anasikia hukumu yake mwenyewe ikisomwa na mchungaji.

Maombi hatuyakatazi, sisi ni kanisa. Mgonjwa wengi tunaowajua wanasema kuombewa kuliwashikilia. Tunayokataa ni haya, na tuyaseme wazi: kumfungisha mtu ambaye wiki tatu hali, kumlaza katika chumba cha maombi mwezi mzima pasipo kituo kujua, kumfunga kamba, kumwamuru atupe dawa kama ushahidi wa imani. Mchungaji asiyethubutu kumwambia mgonjwa wa kisukari aache dawa asithubutu kumwambia huyu.

Matibabu

Wengi wanadhani kama hakuna daktari wa akili, hakuna la kufanya. Ushahidi unaopinga wazo hilo umetoka hapa hapa Kivu. Mwaka 2013 jarida la utabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kivu ya Kusini na Kaskazini, na wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kijinsia na waliokuwa na dalili nzito. Lugha zilizotumika zilikuwa Kibembe, Kifuliiru, Kihavu, Mashi na Kiswahili. Katika vijiji vingine wanawake walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Katika vingine walipata tiba ya mazungumzo: kikao kimoja cha pekee, kisha vikao 11 vya kikundi. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi Wakongo, na kiwango cha chini cha masomo kilichotakiwa kilikuwa miaka 4 baada ya shule ya msingi. Miezi 6 baada ya tiba, wenye dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa mia katika vijiji vya vikundi, na 42 kwa mia katika vijiji vya msaada wa kawaida. Vita havikuwa vimekwisha, wala umaskini.

Kilichofanyika ndani ya vikundi kinaeleweka bila shule kubwa. Mtu aliyeumizwa hubeba mawazo fulani kama ukweli: "Lilikuwa kosa langu." "Mimi sina thamani tena." "Hakuna wa kuaminiwa." Katika kikundi anajifunza kulitoa wazo hilo nje, kuliangalia, kuuliza kama ni kweli, na kuona linavyomfanyia mwili na siku yake. Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma, kwa hiyo hatua zilirahisishwa wazishike kichwani. Nchini Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuwa umeonesha jambo la karibu: vikundi vya watu wenye sonona vilikutana kila juma kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa kwao waliofundishwa wiki mbili, vikizungumza juu ya msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mwishoni, waliobaki na sonona walikuwa 6.5 kwa mia, na kwa wasiokuwa katika vikundi 54.7 kwa mia.

Tusidanganyane: kikundi cha maombi si tiba hiyo. Kinaweza kuwa nyumba yake, kama kiongozi amefundishwa na anasimamiwa na mtu anayejua zaidi. Pasipo mafunzo, kumlazimisha mtu asimulie mbele ya wote mabaya aliyotendewa kunaweza kumzidishia maumivu.

Pale ambapo hakuna kikundi, muganga bado ana kazi ya kufanya. Amweleze mgonjwa kwamba hali hii ni ugonjwa, una jina, na watu wanapona. Waangalie pamoja tatizo moja linaloweza kupungua wiki hii, mfano deni, au ugomvi wa mpaka wa shamba. Wachague shughuli moja ndogo aliyoipenda airudie, hata bila hamu, kwa sababu katika sonona hamu hufuata nyuma ya tendo. Wapange saa ya kulala na kuamka. Kisha amwandikie tarehe ya kurudi.

Dawa ni kwa hali nzito zaidi, au pale mazungumzo hayatoshi. Zinazotajwa katika mwongozo ni amitriptilini na fluoksetini, na ya kwanza ndiyo inayofahamika zaidi katika vituo vyetu. Hapa ndipo matibabu mengi huvunjika: amitriptilini hukausha mdomo, huleta usingizi na kizunguzungu mtu akisimama ghafula, na madhara hayo huja siku za kwanza, wakati faida huchukua wiki 4 hadi 6 kuonekana. Mgonjwa asiyeambiwa haya huacha siku ya tano na kusema dawa ilimlewesha. Mwenye ugonjwa wa moyo asipewe dawa hiyo kituoni. Na akipona, aendelee nayo miezi 9 hadi 12, kisha aipunguze polepole akisaidiwa na muganga.

Kuhusu valiamu inayouzwa sokoni moja moja: inalaza, haitibu sonona, na mwili huizoea upesi. Tumeona familia zikiitafuta kwa pesa za chakula. Sindano za vitamini kwa mtu asiye na upungufu nazo hazifanyi kazi hii, hata zikiwa na rangi nzuri.

Kuuliza juu ya kifo

Waganga na wachungaji wengi huogopa kumuuliza mtu kama anawaza kujiua, wakidhani watampandia wazo. Haiko hivyo. Ukimuuliza kwa upole, "Imefika mahali ukatamani usiwepo? Umewaza kujidhuru? Umepanga namna?", mara nyingi unampa nafasi ya kupumua. Anayesema ana mpango asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Dawa za mimea za shambani ziondolewe nyumbani zikawekwe kwa mtu mwingine. Vidonge vyake vishikwe na ndugu, naye apewe vya siku chache tu, kwa sababu amitriptilini nyingi kwa mara moja inaua. Apelekwe Lemera siku hiyo, akisindikizwa.

Nasi makanisa tuangalie tunavyozika. Mahali ambapo aliyejiua hunyimwa ibada na familia yake hutengwa, hakuna mwingine katika kijiji hicho atakayethubutu kusema kwamba anawaza hivyo.

Hali nyingine tuzitaje kwa kifupi. Mama aliyejifungua na baada ya wiki kadhaa hamtaki mtoto, au analia bila kujua sababu, anaweza kuwa na sonona ya uzazi. Aulizwe siku za chanjo. Anayeota vita kila usiku, anayeshtuka mlango ukigongwa na kukwepa njia fulani miezi mingi baadaye, ana jeraha la tukio, na husaidiwa na mazungumzo kama yale ya vikundi. Anayesikia sauti, au anayeamini mambo ambayo wengine hawayaoni, anahitaji daktari: Bukavu kuna SOSAME, na ng'ambo, Bujumbura, kuna kituo cha Kamenge, vyote vikiendeshwa na Mabruda wa Upendo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa zake, na kinahitaji makala yake.

Siri na safari

Neno moja kwa wanaotangaza maombi ya Jumapili. "Tumwombee mama fulani, akili zinamsumbua," ikisemwa kwenye kipaza sauti, inatosha kumfanya asirudi kanisani wala kituoni. Mwombe ruhusa, au mwombee bila jina. Mshirika anayemsindikiza mgonjwa kituoni anapaswa kujua kukaa nje ya mlango na kunyamaza akirudi.

Na kwa kuwa bado tunaishi na mfuko uliofungwa karibu na mlango, familia yenye mgonjwa iweke ndani yake fishi na pakiti ya vidonge pamoja na vyeti vya ubatizo na vya shule. Dawa ikikatika ghafula mgonjwa huumwa kichwa, hukosa usingizi, na sonona inaweza kurudi. Muganga wa upande wa pili wa Ruzizi, asiyemjua na asiyeongea Kifuliiru, atahitaji kusoma jina la dawa, kipimo chake na tarehe ilipoanza. Muuguzi wa Lubarika anaweza kuyaandika hayo mapema, kwa herufi kubwa, nyuma ya fishi.